Siku ya Tatu: Kisiwa Kitulivu katika Vijitabu vya Wageni na katika Mashairi Yetu

Iko sentensi moja ambayo imeandikwa juu ya takriban kila kisiwa kidogo cha dunia. Husema kwamba kisiwa hicho ni kitulivu, kwamba hakijaharibiwa, na kwamba mtu aliyechoshwa na mji mkubwa atapumzika huko mwili na roho. Imeandikwa juu ya Formentera na Menorca katika Bahari ya Mediterania, na juu ya La Gomera na El Hierro katika Bahari ya Atlantiki, vyote vikiwa visiwa vya Hispania. Imeandikwa vilevile, na kwa maneno yayo hayo, juu ya Pemba. Ukibadilisha jina la kisiwa, ukang'oa mzeituni na kupanda mkarafuu mahali pake, sentensi husimama kama ilivyosimama mwanzo.

Mwandishi wa kijitabu cha utalii hatumlaumu. Ana vyumba vya kujaza, na riziki za watu wengi wa visiwani siku hizi zimefungamana na vyumba hivyo. Linalotushughulisha hapa ni ushairi. Sentensi ile imetoka katika vijitabu ikaingia katika beti zetu, tena imeingia kimyakimya, hata mshairi aliyezaliwa Mgogoni huweza kuisifu Pemba kwa macho ya mtu aliyefika jana kwa boti na atakayeondoka Jumapili. Makala haya yanaihakiki sentensi hiyo kama kazi ya fasihi, kisha yanauliza imewatenda nini washairi wetu.

Kama utanzu wowote, sifa za kisiwa kitulivu zina kanuni zake. Kanuni ya kwanza ni kuwaondoa watu. Ufuo huwa mtupu, mnazi huwa mmoja na umeinama, na ngalawa hukaa mchangani pasi na mwenyewe. Kanuni ya pili ni kusimamisha saa: kisiwa huambiwa kiko kama kilivyokuwa tangu kale, bila ya kutajwa ni kale ipi. Kanuni ya tatu ni kumvika msomaji joho la mvumbuzi. Huambiwa kwamba ni wachache wanaopajua mahali hapo, ilhali kijitabu kimechapwa kwa ajili ya maelfu. Kanuni ya nne ni ya kisarufi, nayo ndiyo imfaayo zaidi mhakiki. Utanzu huu umejaa vivumishi na umekauka vitenzi. Mchanga ni mweupe, maji ni ya buluu, watu ni wakarimu. Hapana mtu atendaye jambo isipokuwa mgeni peke yake: yeye ndiye atakayeogelea, atakayelala, atakayeamka kwa sauti ya ndege.

Tuanze na hilo neno la kutoharibiwa, au kama wengine wanavyopenda kusema, kutoguswa. Kaskazini mwa Pemba, huko Tumbe, wanaakiolojia wamefukua mabaki ya makazi makubwa ya watu wa karne ya 7 hadi ya 10. Jirani yake, Chwaka, palikuwa na mji uliokuja baadaye, wenye misikiti ya mawe. Magharibi kuna magofu ya Ras Mkumbuu, na upande wa mashariki kuna ngome ya Pujini ambayo masimulizi yetu huinasibisha na Mkama Ndume. Ama huo ukijani unaosifiwa, ni kweli kwamba Waarabu wa zamani walikiita kisiwa hiki Al-Jazira Al-Khadhra, yaani kisiwa cha kijani. Lakini sehemu kubwa ya kijani anachokiona mgeni leo ilipandwa kwa mikono. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba, na tangu hapo vilima vyetu vikawa ndivyo ghala la karafuu la dunia kwa muda mrefu. Mikono iliyoipanda na kuichuma mwanzo ilikuwa, kwa wingi wake, mikono ya watumwa. Mti anaoupiga picha mgeni kwa ajili ya utulivu wa kivuli chake una habari hiyo ndani yake.

Ama utupu, sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu laki tano na elfu arubaini katika kisiwa kisichofika kilomita za mraba 1,000. Hao ni zaidi ya watu 500 katika kila kilomita moja ya mraba. Ni sehemu chache za vijijini barani Afrika ambazo watu wamekaribiana hivyo. Kuiita Pemba tupu hutaka ustadi mkubwa wa kutokuona.

Basi na tusimame Mgogoni saa nane ya mchana. Ni kweli pametulia. Baiskeli moja hupita. Kuku huparua chini ya mfenesi. Kutoka chuoni husikika watoto wakirudia aya kwa pamoja, kisha mwalimu akimrejesha mmoja wao aliyekosea. Mgeni aliyekuja kwa mapumziko husema kwamba hapa hapana linalotokea. Hajui kwamba utulivu wa saa nane ni usingizi wa watu walioamka saa kumi za alfajiri. Mwanamke aliyelala barazani ametoka kwenye mwani maji yalipokupwa, na maji hayakupwi kwa saa ya mtu bali kwa mwezi. Mume wake amerudi na samaki wa kutosha kitoweo au hakurudi nao. Ikiwa ni msimu wa karafuu, walio juu ya miti hawapigi kelele, kwa sababu tawi la mkarafuu ni jepesi kuvunjika na aliye kileleni hana pumzi ya maneno mengi. Kinachosikika ni kuni kukatika mbali, na jioni, baada ya sala, ni vidole vya watu wa nyumba nzima vikichambua karafuu, vikitenga makonyo upande wake na matunda upande wake.

Huo ndio utulivu wa Mgogoni. Umefumwa kwa kazi kama jamvi lilivyofumwa kwa ukili, na anayeuondoa ukili hawezi kubaki na jamvi.

Tusidhani kwamba msiba huu wa kusomwa vibaya ni wetu peke yetu. La Gomera husifiwa kwa ukimya wa mabonde yake. Kumbe katika mabonde hayohayo wenyeji wana lugha ya mluzi, Silbo Gomero, ambayo kwayo Kihispania chenyewe hupigwa mluzi kutoka mgongo mmoja wa mlima hadi mwingine. Kwa mluzi mtu huitwa, habari ya msiba hupelekwa, mbuzi aliyepotea huulizwa. UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2009, na watoto wa kisiwa hicho hufundishwa skulini. Kisiwa kilichoitwa kimya kilikuwa kikizungumza kwa sauti inayovuka mabonde. Aliyesema kimya hakuwa kiziwi; alikuwa hajui tu kwamba mluzi ule ni maneno.

Lugha yetu nayo ina mengi ya kumfundisha atakaye kushairi juu ya mapumziko. Neno "kupumzika" ni jamaa ya "pumzi" na "kupumua". Kupumzika kwa Kiswahili ni kuirudia pumzi, na hawezi kuirudia pumzi asiyeipoteza. Hapana mapumziko, kwa mujibu wa neno lenyewe, ila nyuma yake pana kazi. Tunalo pia neno "faragha", ambalo si upweke. Ni nafasi ambayo watu wengine wamekuachia kwa heshima. Na tunalo neno la baharini, "shwari". Kwa abiria mwenye kichefuchefu shwari ni neema. Kwa nahodha wa chombo cha tanga shwari ni kukwama: tanga hulegea, chombo husimama pale pale, maji ya kunywa hupungua, na mabaharia hushika makasia. Neno moja limebeba raha ya mmoja na dhiki ya mwengine. Kijitabu cha utalii hakiwezi kulitumia neno hili kwa ukamilifu wake. Shairi laweza, na ndiyo kazi yake.

Hapo ndipo tunaporejea kwa washairi wetu. Jambo linaloonekana upesi katika sifa nyingi za kisiwa zinazotungwa siku hizi ni kina cha "-ni". Tarbia ya mizani kumi na sita hudai kina cha kati na cha mwisho, na Kiswahili kimetujaalia kiambishi ambacho hupachikwa mwishoni mwa jina lolote kikalifanya mahali: mchangani, baharini, kivulini, bustanini, moyoni. Ongeza pwani na kijani, kisha umalizie na peponi. Anayetunga juu ya mahali ana ghala la vina lisilokwisha, na ghala lililojaa humfanya mtu mvivu. Hahitaji kutafuta wazo ili apate kina, kwa sababu kina kimekuja chenyewe. Pengo linaloachwa na wazo hujazwa na picha iliyo karibu, na picha iliyo karibu siku hizi ni ile ya kijitabu: ufuo mtupu, mnazi mmoja, ngalawa isiyo na mwenyewe.

Na ajaribu mshairi huyohuyo maneno yanayokoma kwa "-ua". Atakutana na jua na mvua, na bamvua, ambayo ni maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu. Atakutana na kuvua, kuchambua, kupakua, na kuanua, yaani kukusanya kwa haraka kilichoanikwa kabla hakijanyeshewa. Tazama jinsi kina kimoja kilivyomleta kijiji kizima, na kilivyomlazimisha atumie vitenzi. Hatusemi kwamba kina cha "-ni" ni haramu. Wakubwa wetu wamekitumia na wakapanda nacho. Tunasema kwamba kina rahisi humwonesha mtu mahali, na kina kigumu humwonesha kinachotendeka mahali hapo.

Pengine mtu atasema kwamba mshairi ana haki ya kukisifu kisiwa chake, na kwamba si lazima kila shairi libebe jembe. Neno hilo la jembe linatukumbusha methali yetu ya ukarimu, kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii husemwa kwa mzaha, lakini ina nadharia nzima ya mahali ndani yake. Siku ya kwanza mgeni huona mandhari. Siku ya pili huonja chakula. Siku ya tatu huingizwa katika kazi, na hapo ndipo hujua ardhi ni nyepesi au ni ya mawe, na chakula alichokula jana kilitoka wapi. Kijitabu cha utalii kwa tabia yake hukoma siku ya pili. Tatizo la mashairi tunayoyazungumzia ni kwamba nayo hukoma siku ya pili, ilhali watunzi wake wamezaliwa papa hapa na majembe wanayo mikononi.

Turathi yetu wenyewe haikukomea hapo. Mwaka 2011 ilichapishwa *Kale ya Washairi wa Pemba*, iliyohaririwa na Abdilatif Abdalla, ikatuletea tungo za Kamange na Sarahani, washairi walioishi kisiwani hapa katika karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20. Anayekisoma kitabu hicho akitafuta kisiwa cha ukimya hatakiona. Ataona watu wanaojibizana. Shairi hutoka kwa mmoja likimjua msikilizaji wake na likitaraji jawabu. Mapenzi, hasira, dini na kejeli vimo, na mahali pamo kwa sababu watu wamo. Hao hawakuwa na haja ya kutuambia kwamba Pemba ni nzuri, kama vile mtu hana haja ya kuusifu mlango wa nyumba yake kila aingiapo.

Hata kisiwa chetu kidogo cha Misali, ambacho hakina wakaazi wa kudumu na ambacho kwa hiyo kingestahiki kuitwa kitupu, masimulizi hayakukiacha bila ya kitenzi. Husimuliwa kwamba Nabii Khidhri alifika hapo na akaomba msala wa kusalia. Ulipokosekana, akasema kwamba kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, kwa kuwa kimeelekea kibla. Jina la mahali limetokana na mtu aliyefika, aliyeomba na aliyesali. Na mpaka leo Misali si tupu. Wavuvi wa vijiji vingi huitegemea bahari yake, na wengine hupiga dago huko, wakalala mchangani siku kadhaa kwa kufuata maji na samaki. Tangu mwaka 1998 eneo hilo limo katika hifadhi, na mafunzo ya Uislamu juu ya uangalizi wa viumbe yalitumika kuwazungumzia wavuvi kuihusu. Upande wa kaskazini-magharibi mwa Pemba, tangu mwaka 2013, iko hoteli yenye chumba kinachoelea ambacho kitanda chake kiko chini ya maji, mgeni alale akitazama samaki. Mvuvi wa dago na mgeni wa chumba kile wamelala usiku mmoja juu ya bahari moja. Sijui shairi lililowaweka wawili hao katika ubeti mmoja, na ningependa sana kulisoma.

Liko jambo jengine ambalo sifa za utulivu hulifunika, nalo ni zito zaidi ya kina na vivumishi. Bahari inayopakwa rangi ya buluu katika picha ndiyo hiyo iliyomeza meli ya Spice Islander mkondoni Nungwi, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kuja Pemba na watu wengi kupita kiasi. Mamia walikufa. Na neno "utulivu" lenyewe lina makaazi mengine nje ya vijitabu. Linakaa katika hotuba, likiandamana na "amani". Mwishoni mwa Januari 2001, baada ya maandamano yaliyofuatia uchaguzi wa Oktoba 2000, watu waliuawa Pemba kwa risasi, na zaidi ya elfu mbili walivuka bahari wakakimbilia Shimoni, Kenya. Nyumba iliyokimbiwa nayo ni tulivu. Mlango uliofungwa kwa hofu hautoi sauti. Mshairi anayelitumia neno hili bila ya kulipima huenda akawa anaimba, pasi na kukusudia, kwa niaba ya wale waliotaka watu wanyamaze.

Mohammed Ghassani, mzaliwa wa Pemba anayeishi Ujerumani, aliuita mkusanyiko wake uliopata Tuzo ya Mabati-Cornell ya mwaka 2015 *N'na Kwetu*. Jina hilo tu lina somo. Mtu husema "nina kwetu" anapokuwa mbali, mbele ya watu wanaomwona hana. Kwake kisiwa si mahali pa kwenda kupumzika. Ni hoja anayoitetea. Aliyeondoka amelipata jicho la siku ya tatu kwa kukikosa kisiwa. Sisi tuliobaki tusilipoteze kwa kukizoea.

Hatusemi haya ili kumfungia mgeni mlango. Kupumzika ni haki ya kila aliyechoka, na pana wageni wanaokaa kimya, wakasikiliza, wakaondoka na kitu kikubwa kuliko picha. Lakini tazama yaliyotokea huko ambako sentensi ile ilitangulia kufika. Tarehe 20 Aprili 2024 maelfu ya wakaazi wa Visiwa vya Canary waliandamana wakisema kwamba visiwa vyao vina kikomo: kodi za nyumba zimewashinda, maji ni machache, na utulivu uliouzwa umekwisha kwa kuuzwa. Katika sifa zile za miaka mingi wao hawakuwamo, na asiyekuwamo katika sifa ni shida kukumbukwa katika mipango. Ndiyo maana suala hili si la wapenda vina peke yao. Shairi linalokionesha kisiwa kitupu humsaidia yeyote atakaye kukigawa.

Tuna ombi kwa watunzi, hasa vijana wa Mgogoni na vijiji jirani wenye madaftari ya beti. Tungeni juu ya saa nane ya mchana. Utulivu uwekeni, kwa kuwa ni wa kweli. Mwekeni na mgeni kwenye kiti chake chini ya mti, kwa kuwa naye yupo. Karafuu ziwe zimeanikwa uwanjani, zimeanza kuiva rangi. Kisha wingu litokee upande wa bahari, mtoto apige ukelele kwamba mvua inakuja, na wote waliokuwa wamelala barazani watoke mbio kuanua. Mgeni atasimama hajui la kufanya, mpaka bibi mmoja, bila ya kumtazama, amtupie ncha ya jamvi ashike.